Pahala pa Jina

Katika khutba ya Ijumaa ya msikiti wa mtaani kwetu palikuwa na pahala pasipokuwa na kitu. Palikuja karibu na mwisho, khatibu akishaanza dua na watu wakishaanza kuitikia. Aliwaombea waumini wanaume na wanawake, walio hai na waliokufa, kisha sauti yake ikapanda kidogo, kama mtu anayeinua mguu kukanyaga ngazi, na ngazi haikuwapo. Alinyamaza pumzi moja. Sisi tukaitikia amin. Kisha akaendelea kuomba mvua na kheri.

Watu wa umri wangu tulijua kilichokuwapo hapo zamani, maana tulikua tukikisikia. Lilikuwa jina la Mfalme, na la baba yake, na la babu yake, na sifa zilizofuatana kwa vina mpaka ukadhani mtu anaimba. Khutba ilikuwa ya Kiarabu na wengi hawakujua maana ya kila neno, lakini pale pa jina kila mtu alipajua, hata watoto tuliokuwa tukifinyana safu ya nyuma. Yalipokuja Mapinduzi, mwaka wa sitini na nne, Mfalme aliondoka na jina likaondoka naye. Hapana aliyeleta amri. Khatibu alifika pale, akanyamaza, watu wakaitikia kwa mazoea, na tangu siku hiyo ikawa hivyo.

Khatibu huyo alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Siku nyingine za wiki aliuza nyuzi, vifungo na sindano za cherehani katika duka jembamba karibu na Darajani. Alikuwa mfupi, mwepesi wa hasira, na alijivunia sauti yake kuliko alivyotaka tujue. Asubuhi ya Ijumaa hakugusa kitu baridi. Alisukutua kwa maji ya chumvi, akanywa chai ya tangawizi, akazunguka nyumbani akijaribu sauti, mpaka mama akamwambia, "Kaka, bata wa jirani wanakujibu."

Mimi nilikuwa nimerudi Unguja na shahada yangu kutoka Dar es Salaam, wakati misingi ya majumba ya Michenzani inachimbwa. Nilipewa kazi katika ofisi ya serikali, kuandika na kufasiri matangazo. Sikuwa na cheo, ila nilikuwa na hofu za mtu mwenye cheo. Mkubwa wangu akinisalimu kwa "habari" badala ya "habari za asubuhi", nilishinda siku nzima nikitafuta nilichokosea. Nilikuwa nikiishi kwa mjomba pamoja na mama, na usiku mama alinisikia nikijigeuza kitandani, akaniuliza kupitia ukutani, "Leo wafikiri nini tena?"

Ijumaa ninayotaka kuieleza, mjomba alikuwa ndiyo kwanza ametoka katika homa. Macho yalikuwa bado ya manjano. Mama alimkataza kwenda.

"Nikifa juu ya mimbari," mjomba akasema, "mtakuwa mmepunguziwa kazi. Nshatawadha."

Alipanda akishikilia fimbo kwa mikono miwili. Khutba ya kwanza ilipita salama. Katika ya pili sauti ilianza kulegea, akafumba macho, nami nikaona kwamba hasomi tena. Ulimi ulikuwa ukienda wenyewe, kama punda wa gari ajuaye njia ya nyumbani huku mwenyewe amesinzia. Ukafika pale pahala. Ukapanda. Na ngazi ikawapo.

Jina likatoka lote. La Mfalme, la baba yake, la babu yake, na sifa na vina, zima kama nilivyolisikia nikiwa mtoto. Na msikiti mzima ukaitikia amin.

Nimejaribu mara nyingi kujieleza amin ile. Haikuwa amin ya kumtaka mtu arudi. Mbele yangu alisali mchukuzi wa bandarini aliyeshangilia Mapinduzi mpaka sauti ikamkauka, naye aliitikia. Niliitikia mimi, mla mshahara wa serikali. Lilikuwa jambo la vifua vilivyofunzwa tangu utotoni: sauti ikipanda hivi, wewe shuka hivi. Kwa miaka ile yote tulidhani pahala pale ni patupu, kumbe jina lilikuwa limelala ndani yetu sote kama maji chini ya jiwe. Nilitetemeka, na sikujua kama ni kwa hofu au kwa ajabu ya jambo lenyewe. Mpaka leo sijui. Nadhani yalikuwa yote mawili, na la pili lilikuwa kubwa zaidi.

Kisha ukaja ukimya. Mjomba alifumbua macho. Niliuona uso wake ukisikia, kwa kuchelewa, kile ambacho mdomo wake umekwisha sema. Alimaliza dua kwa sauti ndogo, akashuka, akatusalisha. Tulipotoa salamu, watu walipeana mikono upesi upesi, wakatafuta viatu vyao kama watu walioona wingu la mvua. Katika safu ya pili mwenyekiti wa Tawi la chama la mtaani kwetu alibaki amekaa, mabega yameganda.

Asiyekuwapo siku zile huenda akauliza, kwani kuna nini? Mzee mgonjwa amekosea dua. Lakini siku zile mtu aliweza kuitwa kwa neno dogo kuliko hilo, na kuitwa ilikuwa jambo moja, kurudi ilikuwa jambo jingine.

Nyumbani mjomba alivua kilemba, akakaa kwenye mkeka.

"Nimelitaja?"

"Umelitaja, mjomba."

"Lote?"

"Lote."

"Na sifa zake?"

"Na sifa zake."

Kisha akauliza, kwa haya kidogo, "Na sauti ilikuwaje?"

Mama alimtupia upepeo.

Baada ya alasiri tukasikia hodi. Alikuwa mwenyekiti wa Tawi, peke yake. Alikuwa mwashi, wazee wake walitoka Bara, na siku zile alikuwa akijenga kule Michenzani. Saruji ilikuwa imemwingia kwenye kucha haitoki. Alivua viatu, na kabla ya kumsalimu mjomba alimgeukia mama, ambaye alikuwa akitazama nyuma yake barabarani kama kuna gari la kuchukua watu.

"Bi Mkubwa, sikuja na gari," alisema.

Mama akakaa.

"Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba, Mwenyekiti. Niseme nini? Ni homa."

"Homa gani inayojua nasaba ya watu mpaka kwa babu?"

Mwenyekiti akapangusa uso kwa kiganja.

"Na mimi niliitikia," akasema. "Tena kwa sauti. Wa kulia kwangu aliitikia, wa kushoto aliitikia. Nikikupeleka wewe, nitaulizwa, nani aliitikia? Itabidi nianze kujikamata mwenyewe. Lakini maneno hayana mguu na yashafika juu. Ijumaa ijayo atakuja mtu kutoka ofisi kubwa, atakaa safu ya mbele, asikie kwa masikio yake. Sasa mie nshapata dawa. Pale pahala, weka jina la Rais wetu. Moja tu, wazi, kila mtu alisikie. Ya leo itasahauliwa, nawe utalala kwako." Akaninyooshea kidole. "Huyu msomi si ana Kiarabu? Atunge."

"Atatunga!" mama akadakia. "Hata sasa hivi."

Mjomba hakusema ndiyo wala la. Alisema, "Mpe mgeni kahawa."

Basi nikatunga. Nilitunga ofisini, mlango nimeuegemeza. Nani angeamini kwamba sentensi moja ya dua ina mitego namna ile? Sifa ngapi zatosha? Zikiwa chache, utaonekana ubakhili. Zikizidi zile za Mfalme, tumemfanya Rais mfalme mwingine. Zikilingana, basi tulipindua nini? Niliandika na kufuta mpaka karatasi ikatoboka.

Mwenzangu wa meza ya pili, Mkristo mzaliwa wa Mkunazini, alinitazama weee, kisha akauliza, "Ndugu, waandika wasia?"

Sikuwa mtu wa kusema siri, lakini hofu ilinizidi, nikamweleza. Nilidhani atahama meza. Akacheka kimya kimya mpaka machozi.

"Kwetu kanisani walikuwapo wawili," akasema. "Malkia wa Uingereza na Mfalme wa hapa, katika sala moja. Jumapili ya kwanza baada ya Mapinduzi padri alifika pale, akakohoa. Jumapili ya pili akakohoa. Bibi yangu akamhurumia, akampelekea asali."

"Na sasa?"

"Sasa hataji mtu. Kikohozi kimepona."

Nilishangaa. Mimi niliyekua nikisikia kengele zao na yeye aliyekua akisikia adhana zetu, tulikuwa na shimo moja katika sala mbili, na hapana aliyemwambia mwenziwe.

Hata hivyo sentensi nilikwisha kuitunga, na ilikuwa nzuri. Nilikwenda nayo dukani kwa mjomba. Aliisoma kwa sauti ya chini, mara mbili, na nilimwona akitabasamu pale vina vilipokutana.

"Nani kakufunza kufunga namna hii?"

"Wewe."

"Imekaa vizuri." Akaikunja akanirudishia. "Sitaisoma."

"Mjomba, watakuchukua."

"Huenda. Usidhani siogopi."

"Basi kwa nini?"

Bi mmoja akaingia kutaka uzi wa kudarizia kofia. Mjomba akamtolea, akabishana naye kuhusu rangi, akamfungia. Alipoondoka, mjomba aliendelea kupanga vibunda vya nyuzi huku akisema, kana kwamba ni mambo ya duka.

"Lile jina sikuliweka mimi. Nililikuta, nikaambiwa lisome, nikalisoma. Nilidhani liko kwenye karatasi. Kumbe liko hapa." Aligusa koo. "Miaka hii yote nalinyamazia, nalo limekaa linaningoja niugue. Sasa mwaniambia niweke jingine juu yake. Huyu naye ataondoka siku moja, kwa kheri au kwa shari, hakuna asiyeondoka. Siku hiyo nani atamtoa ndani ya watu? Mimbari si ukuta wa ofisi yako, ubandue picha ubandike picha."

"Lakini ni dua tu, mjomba. Kumuombea kiongozi si vibaya."

"Nani kasema vibaya? Muombee. Muombee kwenye sijda yako, lia ukitaka. Na mie namuombea, tena namuombea busara nyingi. Lakini nikisimama pale juu nikataja jina la mtu, mbele ya watu wasioweza kunijibu ila amin, siombi tena. Natangaza. Na kutangaza ni kazi yako wewe, waliyokuajiria. Usiniletee."

Niliondoka nimekasirika. Nilimwona mkaidi, nikamwona mwenye kiburi cha wazee, nikamwona anamtesa mama. Nilitembea kutoka Darajani mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, nikibishana naye kichwani, na kila nilipomshinda alikuwa bado yuko sawa. Kwa kufikiri kupita kiasi, ambako ndiko kazi yangu ya kweli, nikafika pahala ambapo hata yeye hakufika. Nikageuza njia, nikaenda Tawini.

Mwenyekiti alikuwa peke yake, ananawa saruji kwenye ndoo.

"Mwenyekiti," nikasema, "ukimpa khatibu jina la kutaja, umempa na uwezo wa kuliacha."

"Sema taratibu."

"Leo halimo. Hapana anayengoja kulisikia. Likiingia, kila Ijumaa mji mzima utatega sikio. Kalitaja kwa nguvu? Kalitaja kwa ulegevu? Kalitaja kabla ya mvua au baada ya mvua? Akikohoa pale, watu watatoka na habari. Mtakuwa mmemkabidhi mzee mmoja mwenye homa kazi ya kuipa serikali baraka kila wiki, na siku akitaka, kuinyima. Mwataka hivyo?"

Aliacha kunawa. Alinitazama, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Msomi," akasema, "wewe usiku hulali."

"Silali."

"Naona." Akatikisa mikono. "Uliyoyasema yana mfupa. Lakini mtu wa juu hatakuja kusikiliza mifupa. Atakuja kusikiliza jina. Ijumaa, kama hakulisikia, mie sina la kumwambia, na mjomba wako siwezi kumkinga tena. Mwambie hivyo."

Nikamwambia. Mjomba akasema, "Alhamdulillahi," nikashindwa kujua anashukuru nini.

Ijumaa ikafika. Mama alimpigia mjomba kanzu pasi mwenyewe, akamfungia kilemba mwenyewe, kama mtu anayempamba bwana harusi au maiti. Msikiti ulijaa mpaka kwenye baraza za nje. Watu walikuja kutoka mitaa ambayo haikuwa na haja ya kuja kwetu. Mgeni alikuwa safu ya mbele, shati jeupe la mikono mifupi, kalamu mfukoni, mwenyekiti ubavuni mwake. Nilikaa nyuma yao, na karatasi yangu ilikuwa mfukoni bado. Nilikuwa na wazo la kipumbavu kwamba nitaweza kumpelekea kama angebadilisha nia.

Mjomba alipanda bila kushikilia kitu ila fimbo, kwa mkono mmoja. Sauti ilikuwa safi. Sijapata kumsikia akisoma vile, wala kabla wala baada. Aliwaombea waumini wanaume na wanawake. Walio hai na waliokufa. Sauti ikapanda.

Akanyamaza.

Pumzi moja ikapita, ile tuliyoizoea, na hapana aliyeitikia. Pumzi ya pili ikapita. Nilisikia njiwa wakitembea juu ya paa. Nilisikia muuza kahawa mbali sana akigonga vikombe, kisha naye akaacha, kana kwamba habari imemfikia. Watu wote wale walikuwa wamekaa katika pahala patupu pa pumzi chache, na pahala penyewe palikuwa papana kuliko msikiti. Nilielewa wakati ule, si kwa akili bali kwa nywele za mikononi, kwamba mjomba hakuwa akikataa kumpa mtu heshima. Alikuwa akiulinda uwanja. Pale hapakuwa pake wala pa Mfalme wala pa Rais wala pa mwenye kalamu. Palikuwa pa Mungu, na mtu yeyote akisimama hapo, hata mtu mwema, atamfunika. Hofu yangu haikuondoka. Ila ilipata mwenzake mkubwa, ikakaa kimya kama mtoto mbele ya wageni.

Kisha mjomba akasema, kwa Kiarabu chepesi ambacho hata waliosoma chuo cha Kurani utotoni wakaacha walikifahamu: Ewe Mola, waongoze walioshika mambo yetu. Wewe wawajua.

Hakuongeza neno.

Nani ataitikia wa kwanza? Niliona shingo ya mwenyekiti ikiinama. Nikaona mbavu zake zikijaa.

"Amin!" akasema, kwa sauti ya mtu anayeita chokaa iletwe juu ya jukwaa la ujenzi. Na sisi wote tukamfuata, na kuta zikaitikia nasi.

Nje, kwenye viatu, nilijikuta nyuma yao. Mgeni alikuwa akitafuta mguu wa pili wa kiatu.

"Kamtaja nani?" akauliza. "Kiarabu changu kidogo."

"Kawaombea walioshika mambo yetu," mwenyekiti akajibu. "Kasema Mungu awajua."

"Jina hakutaja?"

Mwenyekiti akanyanyuka, akamtazama kwa upole mkubwa. "Ndugu, una shaka kama Mungu awajua wakubwa zetu?"

Mgeni alisimama na kiatu mkononi. Nilimwona akifikiri, na mimi najua uso wa mtu anayefikiri kupita kiasi, nilimwonea huruma. Aliligeuza swali upande huu, akaligeuza upande ule, na kila upande lilimchoma.

"Hapana," akasema mwisho. "Hapana, shaka sina."

"Basi."

Akavaa kiatu, akaenda zake.

Jioni ile nilimuuliza mjomba alilipanga lini neno lile. "Sikulipanga," akasema. "Nilitaka kunyamaza tu, kama siku zote. Lakini kimya kilirefuka, nikaona si adabu kumngojesha Mungu."

Hatukujua kama imekwisha. Mama alikaa dirishani Jumamosi nzima, maana nyumba yetu ilitazama barabara, na gari likitaka kuja lingekuja kwa njia ile. Karibu na adhuhuri tukasikia injini nzito, ikapunguza mwendo mbele ya mlango wetu. Mama alishika nondo za dirisha. Mjomba, aliyekuja nyumbani kula, aliweka chini tonge.

Lilikuwa lori la saruji la Michenzani. Nyuma, juu ya mifuko, mweupe kwa vumbi kuanzia kichwani mpaka miguuni, alisimama mwenyekiti wa Tawi.

"Bi Mkubwa!" akaita. "Hili si lenyewe! Hilo jingine haliji!"

Mama alicheka na kulia pamoja. Mjomba aliliokota tonge lake, lakini hakulitia mdomoni.

"Muulize," akaniambia, akijitia kutazama sahani, "watu wa safu za nyuma wasemaje, sauti iliwafikia?"